Kisanduku cha Munir

Mwanangu Munir alikuwa na mchezo ambao niliuita upuuzi tangu siku ya kwanza. Watu wazima wanaficha visanduku vya plastiki msituni, wanaweka alama ya pahala penyewe kwenye simu, kisha wengine, hata wageni wa nchi za mbali, wanakuja kuvitafuta. Anayekipata huandika jina lake na tarehe kwenye kijidaftari kilichomo ndani, huchukua kikorokoro kimoja na kuacha chake, halafu hukirudisha palepale. Hapana zawadi wala mshindi.

"Faida yake nini?" nilimuuliza.

"Unatembea, Mama."

"Mimi natembea kutwa nzima maabara, tena nalipwa."

Alicheka. Yeye kazi yake ilikuwa khati, maandishi ya mapambo kwa herufi za Kiarabu: kadi za harusi na aya za kutundika ukutani, kwa kalamu ya mwanzi na wino anaoukoroga mwenyewe, ndani ya kichumba cha duka huko Mkunazini. Mtu wa kuinama mchana kutwa. Kisanduku chake alikificha msitu wa Masingini, kwa sababu, alisema, ndio msitu pekee ambao mtu anaweza kuwatazama kima asubuhi na bado akawahi kufungua duka saa tatu. Mara tatu alinitaka nifuatane naye. Mara tatu nilikuwa na kazi.

Alifariki Jumatano moja ya mwezi wa pili, kwa kugongwa na gari la mchanga njia ya Mwera. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Neno langu la mwisho kwake asubuhi ile lilikuwa asisahau mtungi wa gesi.

Siku moja kabla, alikwenda Masingini akatia ndani ya kisanduku barua ya mkewe, Nadhira. Ijumaa ya wiki ile walikuwa watimize mwaka wa ndoa. Alimwambia: Ijumaa tutakwenda pamoja, nitakupa simu, uitafute mwenyewe. Ijumaa hiyo sisi tulikuwa tunasoma hitma.

Nadhira alikaa eda nyumbani kwangu Amani, chumba cha nyuma walimokuwa wakiishi yeye na Munir. Miezi minne na siku kumi, bila kutoka, bila manukato, bila hina. Dada yangu mkubwa, Riyama, alihamia kwangu kusimamia eda hiyo, na Riyama akisimamia jambo linasimama. Usiku wa tatu, wageni walipopungua, Nadhira alinieleza habari ya barua. Nikamwambia nitamtuma mtu akaichukue.

"Hapana, Mama," alisema. "Alitaka niitafute mimi. Kisanduku kina miaka mitatu pale hakijaguswa na mtu mbaya. Kitangoja nimalize."

Nikamwacha. Alikuwa akizihesabu siku, na mwanamke mwenye kitu anachokingojea hula chakula chake.

Siku ya hamsini na tatu alinifuata jikoni, simu ya Munir mkononi. Mgeni mmoja alikuwa ameandika kwenye ule mchezo. Ametafuta saa mbili, pahala penyewe amepaona, lakini kisanduku hakimo. Aliweka na picha: shina la mti ulioanguka, na ndani yake uwazi mtupu.

Nadhira hakulia. Alishika ukingo wa sinki tu, akasema, "Mama, sina kitu chengine alichoniandikia. Watu wote kawaandikia kadi zao. Mimi nilikuwa namwona kila siku, aniandikie nini?"

"Nakwenda," nikasema.

"Unakwenda wapi?" Riyama aliuliza kutoka mlangoni. Huyo hakosekani mlangoni.

"Masingini."

"Wewe? Msituni? Mardhiya, wewe ukiona mjusi unapanda kiti."

"Nikiona kima nitapanda mti, basi."

"Na huyu abaki hapahapa. Asije akasema anakwenda kuonesha njia."

"Nani kasema anakwenda, dada? Ataniongoza kwa simu. Au simu nayo ina eda?"

Riyama akasonya, akarudi kwenye mchele wake.

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda vespa yangu. Getini niliandika jina langu. Kijana wa pale aliniuliza kama nimekuja kutembea. Nikamjibu ndiyo, natembea.

Nilichomeka simu ndani ya mtandio, sikioni, kama tunavyofanya wote tukiwa na mikono miwili ya kazi. Nadhira alikuwa akisoma maelekezo aliyoyaandika Munir mwenyewe kwa watafutaji.

"Mita mia mbili kutoka njia kubwa. Anasema uyafuate maji."

"Maji gani? Pakavu hapa."

"Mtaro wa mvua, Mama. Umeuona?"

"Nimeuona. Endelea."

Chini ya miti ile, kila nilipoichomoa simu kutazama, mshale wa ramani haukutulia. Mara uko mbele, mara uko nyuma yangu. Juu, kundi la kima punju lilikuwa likila majani, na vipande vikinidondokea mabegani. Mmoja alikuwa na mtoto tumboni mwake, kamkumbatia kwa mkono mmoja, mwengine unavuta tawi. Aliniangalia bila woga wowote. Nilisimama. Sijui nilisimama kwa muda gani.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Soma."

"Anasema: ukiona mti uliolala, piga magoti upande usio na jua. Usione haya, hapana anayekuona ila kima."

Maneno hayo alimwandikia mtu yeyote tu, lakini ni sauti yake kabisa. Nikaendelea kuufuata mtaro.

Mti niliuona. Nilipiga magoti. Uwazi ulikuwapo, mkubwa wa kuingia mkono hadi kwenye kiwiko, na ndani hamna kitu. Nilitoa majani, nikatoa udongo, nikamulika. Kazi yangu ni kutafuta vitu vidogo, sikuacha pahala. Mbele ya shina, hata hivyo, niliona kitu ambacho yule mgeni asingekijali: chumvi. Chumvi ya mawe, imemwagwa duara kuzunguka shina, nyengine imeshayeyuka kwa umande.

"Nadhira, nakata. Nitakupigia."

Chumvi haiji msituni peke yake. Nilirudi njia ya ukingoni, ambako wanawake wa kijiji cha jirani huokota kuni kavu zilizoanguka. Nilimkuta mmoja, mtu wa rika langu, anafunga mzigo. Nikamsalimia, nikamuuliza kama ameona kisanduku cha kijani, kikubwa kama boksi la chaki.

Aliuachia mzigo. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Wewe ndiye uliyekiweka?"

"Kakiweka mwanangu."

"Kwa nani? Nambie, kwa nani? Mwanangu kamkosea nini huyo mwanao?"

"Bibi, hebu tulia. Unaitwa nani?"

"Jina langu nikupe ukalifanyie nini?"

"Basi langu mimi Mardhiya. Bi Mardhiya wa Amani, napima damu za watu, wala sijui kuroga hata kuku. Kisanduku kiko wapi?"

Alinitazama juu hadi chini. Nadhani kilichomtuliza ni hasira yangu; mchawi angekuwa na upole zaidi. Akaniambia, kipande kipande. Anaitwa Bi Mwatum. Ana binti mmoja, na binti huyo ameharibu mimba tatu kwa miaka miwili. Siku nne nyuma aliketi kupumzika kwenye mti uliolala, akaona kitu cha kijani ndani ya shina. Alikifungua kwa kijiti, kisha akarudi na chumvi akauzungushia mti kuzuia shari.

"Ndani mna majina," alisema. "Majina mengi, kila moja na tarehe yake. Mna shanga, mna ufunguo, mna sarafu isiyo ya hapa. Mna kijidoli cha mtoto, hakina mkono. Kijidoli cha mtoto, Bi Mardhiya! Na chini yake mna bahasha, na ndani ya bahasha karatasi ya herufi za Kiarabu, kwa wino wa hudhurungi. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Nina diploma ya maabara. Nimezoea kutoamini kitu mpaka nikione kwenye hadubini. Lakini mimi pia nimezaliwa Unguja, na ningekuwa na binti aliyeharibu mimba tatu, nikakuta kidoli kisicho na mkono kimefichwa pamoja na majina ya watu, nisingekitia mfukoni nikaenda zangu.

"Ulikipeleka kwa nani?"

"Kwa Maalim Silima. Akitegue."

"Kashakitegua?"

Alijitwika mzigo wake, akanitangulia njia ya kijijini.

Maalim Silima nilimkuta barazani kwake, anashona jalada la msahafu lililoachia. Mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi. Bi Mwatum alikaa mbali, chini ya mpera.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Nilimweleza yote kwa mkato: mchezo, visanduku, mwanangu, gari la mchanga, mke aliye edani. Sikupamba. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilipofika kwenye barua alivua miwani. Kisha aliingia ndani, akarudi na kisanduku pamoja na sahani ya udongo.

Kwenye sahani palikuwa na karatasi mbili zilizoanikwa zikakauka, zimekunjamana. Ya kwanza ilikuwa ya kile kijidaftari, majina yamebaki kidogo pale mtu alipotumia kalamu ya kawaida. Ya pili ilikuwa karatasi nzito ya kadi ninayoijua, ile aliyokuwa akiinunua Munir kwa mafungu. Ilikuwa nyeupe. Imebaki rangi ya chai pembeni tu.

Niliiinua nikaielekeza kwenye jua, nikaigeuza, nikaitazama kwa ubavu. Kalamu ya chuma ingeacha mfuo. Kalamu ya mwanzi haichimbi karatasi. Wino wa kukoroga mwenyewe huondoka wote.

"Umeiosha," nikasema.

"Nimeiosha. Yaliyofungwa kwa maandishi huoshwa kwa maji, maji yakamwagwa pasipopita mtu. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Hukusoma kwanza? Hukuona ni barua?"

"Nimesoma. Mara mbili. Lazima usome, ujue nani kafungwa na nani." Sauti yake ilishuka. "Imetaja jina la mwanamke na jina la mama yake. Imetaja mti. Imesema, usende pahala bila ya..." Akajifunga mdomo kwa mkono. "Nimeona vifungo vya mapenzi vimeandikwa hivyohivyo, mwanangu. Nilikuwa na shaka. Mie nikiwa na shaka naosha, kwa sababu siku zote naona kuosha hakumdhuru mtu. Hii imedhuru. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilikuwa na maneno tayari, mimi huwa sikosi maneno. Lakini mzee alikuwa ameinama juu ya ile sahani, na mimi nikabaki na sentensi moja tu kichwani: kuna mtu duniani ameyasoma.

"Unayakumbuka?"

"Nayakumbuka. Nimehifadhi Kurani tangu nna miaka kumi na miwili. Nikisoma kitu mara mbili hakitoki upesi. Lakini zishapita siku nne, na miye mzee. Nisikudanganye, Ijumaa ntakuwa nachanganya maneno yangu na yake."

Nilifungua mkoba, nikatoa kalamu na daftari langu la kazini. Nilikaa sawa. Nikaandika tarehe juu, kwa mazoea.

"Sema, Maalim."

Aliichukua sindano yake, akaichomeka kwenye jalada.

"Sema nimwandikie. Nitampelekea yeye."

"Bi Mardhiya, wewe ndiye mama. Ukinambia nikusomee ntakusomea, sina haki ya kukukatalia. Lakini ni maneno ya mtu na mkewe. Mie nimeyasoma kwa makosa."

"Mimi nimemzaa."

"Naam."

"Nilimpeleka chuoni kushika kalamu ya kwanza. Mimi."

"Naam, mwanangu."

Nikauliza nililokuwa nalo rohoni tangu getini, labda tangu mwezi wa pili. "Imenitaja?"

Alivaa miwani yake taratibu. Akatazama msahafu, si mimi.

"Haikuanza na jina lako," alisema.

Nilibaki na kalamu juu ya karatasi. Ningeweza. Hapana ambaye angenilaumu. Nadhira mwenyewe angenishukuru. Ningesikia namna alivyoyapanga maneno, kama alikuwa akitania au alikuwa mtu mzima na mazito yake, na mimi sikujua. Asubuhi zote zile nilimwambia habari za gesi, na maji, na nani kafunga mlango. Ilikuwa dakika kumi za kumsikia tena, na mtu wa kunipa alikuwa amekaa mbele yangu, tayari.

Niliifunga kalamu. Nikapiga simu nyumbani.

"Mama? Umekipata?"

"Nimekipata. Sikiliza, mwanangu, nakwambia yote mara moja. Barua imetiwa maji, maandishi hayapo tena. Mtu aliyeiosha alidhani ni uchawi. Hakukusudia."

Nikasikia kitanda kikilia; alikuwa ameketi.

"Lakini kaisoma kabla, na anaikumbuka. Maalim Silima, mtu mzima, kahifadhi. Atakusomea wewe. Tia karatasi mbele yako."

Nikasikia kukwaruza, kisha sauti nyengine.

"Mardhiya! Mwanamme ndani ya sikio la mtu aliye edani? Tena maneno ya mapenzi? Umepigwa na jua kichwani?"

"Dada Riyama, maneno ni ya mumewe."

"Sauti si ya mumewe!"

"Mumewe hana sauti tena," nikasema. "Mpe simu mwenyewe. Na utoke umo chumbani."

"Nitoke niende wapi?"

"Popote. Mimi pia natoka huku."

Nilisikia pumzi yake. Halafu nikasikia mlango.

Nilimpa Maalim simu. Aliishika kwa mikono miwili, akasema, "Assalamu alaykum, binti yangu," na mimi nikateremka barazani kabla hajafika kwenye barua. Nilikwenda hadi kwenye mpera, nikaona bado namsikia, nikaenda mbele zaidi, mpaka kwenye banda la kuku.

Kutoka pale nilisikia sauti tu, bila maneno. Alikuwa akisoma kama wanavyosoma watu wa chuo, pole pole, anasimama, anarudia. Kuna pahala alisimama kwa muda mrefu nikadhani amesahau. Nikakuta nimefumba ngumi. Halafu akaendelea. Kuna pahala, Wallahi, alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesoma kitu cha kuchekesha. Mwanangu alikuwa ameandika kitu cha kuchekesha. Niligeuka nikawatazama kuku.

Bi Mwatum alikuja akasimama karibu nami. Alikuwa analia, anapangusa kwa upindo wa kanga.

"Nimekuharibia," alisema.

"Umeniharibia. Basi."

"Ningejua..."

"Ungejuaje? Wala mimi nisingejua." Nilimwacha apanguse. "Huyo binti yako ana miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Kashapimwa damu? Kundi la damu, sukari, shinikizo, yote?"

"Kapewa vidonge tu."

"Jumatatu mlete hospitali kuu, saa moja na nusu, asile kitu. Ulizia maabara, utaje jina langu. Mimba tatu zina sababu, na mara nyingi sababu inaonekana."

Aliniuliza jina langu tena, ingawa nilishamwambia. Nadhani mara hii alitaka kulihifadhi. Nikamwandikia kwenye ile karatasi niliyoitia tarehe, nikaichana nikampa.

Maalim alitoka barazani. Alitembea mpaka kwangu, jambo ambalo kwa umri wake hakupaswa kulifanya, akanirudishia simu. Ilikuwa ya moto. Dakika kumi na moja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimemsomea yote," alisema. "Kaniomba nirudie mwisho, nikarudia."

"Kaandika?"

"Kaandika. Nilikuwa namsikia kalamu."

Nilitaka kumuuliza huo mwisho. Swali lilishafika ulimini.

"Mtandao haukukatika?" nikauliza.

"Haukukatika hata mara moja."

"Vizuri," nikasema, nikatia simu mkobani.